Udata haumcheleweshi mtoto kusema
Kuanzia Igoma hadi Kirumba, mitaa ya Mwanza, mtoto akifika miaka 2 bila kusema, wengi hushauri akatwe udata, ule utando wa chini ya ulimi. Udata uliokaza unaweza kutatiza kunyonya na, mara chache, matamshi ya baadhi ya sauti. Lugha yenyewe hauizuii: mwenye udata huelewa anachoambiwa na hujaribu maneno. Ndiyo maana wanaosomea tiba ya usemi chuoni, kama kwenye shahada iliyoanzishwa Makerere mwaka 2008, hujifunza pia usikivu, ubongo na makuzi, si ulimi tu. Mzazi mwenzangu, wembe wa mtaani huleta damu na maambukizi bure. Mpeleke kwanza kliniki ya masikio, pua na koo, kama ya hospitali ya Bugando, apimwe usikivu, hata kama hugeuka mlango ukigongwa.