Mwezeshaji naye anafundisha

Jumatatu nimeambiwa tena, safari hii na mkuu wa shule, tukiwa tumesimama mlangoni mwa maabara: "Uzuri wa kazi mradi, Madam, kundi kupewa swali na kulitafutia jibu kwa vitendo, mwalimu anapumzika. Watoto wanajifunza wenyewe." Maneno hayo nimeyasikia Nyamagana, nimeyasikia Ilemela, nimeyasikia hadi ng'ambo kule Sengerema. Nimechoka kuyajibu mlangoni, kwa hiyo leo nayajibu kwa maandishi.

Mradi wenyewe si jambo geni. Mwanaelimu Kilpatrick aliandika juu yake huko Marekani mwaka 1918. Sisi tuna Elimu ya Kujitegemea tangu 1967, na mtaala wa sekondari ni wa umahiri, yaani unaopima anachoweza kufanya mwanafunzi, tangu 2005, kabla hata ya huu mpya ulioanza kutumika 2024. Kilichowavuruga walimu ni neno moja tulilowapa kwenye semina, sisi tunaowafunda: mwezeshaji. Tukawaambia mwanafunzi ndiye kitovu, usimpe jibu. Mwalimu mwaminifu akalishika hivyo hivyo, akafunga mdomo.

Mfano. Kidato cha tatu, shule moja upande wa Ilemela, si mbali na mwalo. Swali lao lilikuwa zuri: kwa nini dagaa wa kwenye kichanja wanakauka upesi kuliko wa mchangani? Walidamka, wakakuta boti za usiku zinashusha, wakazungumza na akina mama wanaoanika. Kila kundi likapata kilo 4 za dagaa wabichi: kilo 2 juu ya wavu wa kichanja, kilo 2 mchangani, wanapima kila baada ya saa mbili. Kazi safi kabisa. Kisha kwenye bango la karatasi ya manila, kwa kalamu ya bluu na kupigiwa mstari: dagaa wa kichanja hukauka upesi kwa sababu wako karibu zaidi na jua.

Kichanja kile kina kimo cha mita moja. Jua liko umbali wa kilomita milioni 150 hivi. Mwalimu wa fizikia aliisoma sentensi ile, nikaona macho yake yanasimama pale pale, kisha akasema "vizuri" na kwenda kundi la pili. Baadaye, chini ya mwarobaini, nikamwuliza kulikoni. "Si mlituambia tusiwape majibu, Madam?" Hakuwa na kosa. Ni mimi niliyemwambia, kwa maneno hayo hayo, kwenye semina ya siku mbili. Nimeibeba sentensi ile muda mrefu.

Hapa ndipo ninapotaka tuelewane, maana makosa hayafanani. Siku hiyo hiyo, makundi matano kati ya manane yalikokotoa asilimia ya uzito uliopotea kwa kugawanya kwa uzito mkavu. Kundi moja dagaa wake wa wavuni walibaki gramu 600, likaandika kwamba uzito uliopotea ni asilimia 233. Hapo hakuna cha kugundua! Simamisha darasa, shika chaki, dakika 10, mfano mmoja: unagawanya kwa uzito wa mwanzo, unapata 70, rudini kazini. Asilimia ni makubaliano ya watu, na mtoto hatayavumbua kwa kutazama dagaa hata akikaa pale mwaka mzima. Kumwacha ahangaike nayo ni kumpotezea muda, tena mbele ya mtu anayelijua jibu.

Kosa la jua ni la namna nyingine. Hilo dagaa wenyewe wanaweza kulijibu. Ukimwambia tu kwamba ni hewa inayopita chini ya wavu, ataandika, na moyoni jua litabaki karibu. Mrudishie swali linalomlazimisha kujaribu: "Tukitandika nailoni juu ya wavu, kimo kile kile, jua lile lile, watakauka sawasawa?" Swali kama hilo huji nalo bila kuujua uvukizaji, maji yanavyogeuka mvuke, vizuri, tena kuliko anayeandika notsi ubaoni. Ndiyo kazi ninayomwambia mkuu wa shule kwamba si mapumziko.

Mwaka 2006 watafiti wa elimu Kirschner, Sweller na Clark walihoji kwamba anayeanza kujifunza hafiki mbali akiachwa bila mwongozo wa kutosha. Mwaka uliofuata Hmelo-Silver, Duncan na Chinn wakawajibu kwamba mafunzo mazuri ya aina hii yana mwongozo mwingi ndani yake. Nikiwasoma, naona hakuna upande unaomtetea mwalimu aliyefunga mdomo.

Kwa hiyo semina nyingine haitoshi. Walimu waufanye mradi wenyewe kwanza: waanike, wapime, wakosee. Halafu, wiki moja kabla ya darasa kuanza, tukae pamoja, tuyaorodheshe makosa tunayoyatarajia, na kila moja tulipe alama: hili la ubaoni, hili la kurudishiwa swali. Vipindi viwili vya dakika 40 vifuatane. Vigezo vya kuwapa wanafunzi maksi vitoke mapema, hilo nadhani halina ubishi.

Bado nina mashaka. Darasa la watoto 80 na mizani moja, nikihesabu wanaofikiri na wanaoshika tu kalamu za rangi, hesabu hunitisha. Lugha pia: wanabishana kwa Kiswahili na Kisukuma, hoja zinatoka moto, kisha bango linaandikwa kwa Kiingereza na nusu ya hoja hazifiki. Na kuna mada nimeacha kuzilazimishia mradi, zinafundishika vizuri zaidi kwa chaki.

Yule mwalimu aliliuliza swali la nailoni Alhamisi ya wiki ile. Vichanja viwili, kimo kimoja. Saa nane mchana msichana mmoja akageuza dagaa wa kwenye nailoni, akabonyeza tumbo, akajifuta kidole kwenye sketi. "Huku chini bado wabichi." Mwenzake alikuwa amechuchumaa kwenye kichanja cha pili, mkono ameupitisha chini ya wavu, vidole amevitanua.

"Njoo uweke mkono hapa," akamwambia. "Kuna upepo."