Kwa nini mgongo wa kamera kubwa ya mbao huinama?

Kamera ya filamu ya inchi 4 kwa 5, ile inayokunjwa na kubebwa hadi mlimani, ina fremu mbili zilizounganishwa na mvukuto mweusi. Ya mbele imeshika lenzi, ya nyuma imeshika filamu, na katika kamera nyingi za aina hii zote mbili huinama. Kuinama kwa lenzi watu hukuelewa upesi. Lakini filamu ina haja gani ya kuinama, ikiwa kazi yake ni kupokea tu mwanga inaoletewa?

Hapo ndipo wengi hupotea. Hudhani kuwa umbo la vitu pichani huamuliwa na lenzi, hivyo ghorofa likionekana kuangukia nyuma, dawa ni kuinamisha lenzi. Sivyo. Pale lenzi iliposimama ndipo panapoamua nini kitafichwa na nini, na kuiinamisha papo hapo hakubadili umbo kwa kiasi cha kuonekana. Kunachobadili ni sehemu zipi zitakuwa kali na zipi zitafifia. Kuta zitaendelea kusogeleana kule juu, na sasa paa nalo limeingia ukungu. Mwenye kauli juu ya umbo ni filamu: ikisimama sambamba na ukuta, mistari iliyo sambamba ukutani hubaki sambamba pichani. Ndiyo maana mpiga picha za majengo akishaelekeza kamera juu, huweka pimamaji kwenye fremu ya nyuma na kuirudisha wima kabisa. Kisha huisimamisha ya mbele vivyo hivyo, ili ukali wa picha urudi.

Chukua projekta ya semina. Skrini ikiutazama mwanga uso kwa uso, picha huwa na pembe nne sawa. Sukuma sehemu ya juu ya skrini nyuma kidogo. Mwanga wa juu sasa unasafiri mbali zaidi kabla ya kutua, na kadiri unavyosafiri ndivyo unavyotanuka, kwa hiyo picha hupanuka juu kuliko chini. Projekta haijaguswa.

Ndani ya kamera ni hivyo hivyo, ila picha iko kichwa chini. Jifunike kitambaa cheusi utazame kioo cha nyuma, kile kinachokaa mahali pa filamu ili uione picha kabla ya kuipiga: mawe yaliyo karibu na miguu yako yako juu kiooni, mlima wa mbali uko chini. Legeza skrubu, vuta sehemu ya juu ya fremu kuelekea kwako, na mawe yanakua mbele ya macho yako hadi yanaitawala picha. Wakati huohuo yanazidi kuwa makali, kwa sababu kitu cha karibu huhitaji filamu ikae mbali zaidi na lenzi. Mkono mmoja umefanya kazi mbili, na hili ndilo jambo tamu kuliko yote katika kamera hizi.

Kanuni ya ukali huo hubeba jina la Theodor Scheimpflug, kapteni wa jeshi la Austria, aliyeiandika katika hataza ya mwaka 1904 akitafuta njia ya kunyoosha picha zilizopigwa kutoka angani. Inasema bapa (yaani uso tambarare ukiendelezwa pande zote) la filamu, la lenzi na la kitu kinachopigwa picha yakutane kwenye mstari mmoja. Mfaransa Jules Carpentier alikuwa amemtangulia mwaka 1901, na Scheimpflug mwenyewe alimtaja.

Lakini ukali huo umelala chini kama mkeka. Mti ukisimama katikati ya mawe, kilele chake hutoka nje ya mkeka na kufifia, na hapo itabidi kubana tundu la lenzi hadi f/22 au f/32, yaani liwe dogo sana, ili ukali uenee juu na chini ya mkeka. Miti ikiwa mingi, pengine ni heri usiinamishe chochote.

Mbona basi usiinamishe lenzi, mawe yawe makali bila kukua? Mara nyingi inafaa. Ila lenzi humwaga mwanga wake katika duara, na ikiinama duara huhama. Kwenye filamu ya inchi 8 kwa 10, lenzi ambayo duara lake linaifunika kwa shida huacha kona nyeusi. Fremu ya nyuma ikiinama, lenzi na duara lake hubaki palepale. Mwenye lenzi ya namna hiyo huinamisha nyuma, na mawe yakikua, huyakubali yalivyo.