Mfalme, makarani na magunia ya karatasi: dhana potofu kuhusu serikali ya kale ya China

Mtu akiambiwa kuwa profesa fulani ametumia maisha yake kuchunguza serikali ya wafalme wa China, humdhania bingwa wa kukariri majina ya wafalme na miaka ya vita. Dhana hiyo inawapunja wanahistoria, na inatupunja sisi wasomaji zaidi, maana ndiyo inayozaa nyingine. Beatrice Bartlett wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, hakujenga jina lake kwa kukariri. Alifuata safari ya waraka: nani aliuandika, nani aliufungua, mfalme alijibu nini, nani alinakili, na amri ilirudi mkoani kwa njia gani. Kwa kufuata makaratasi hayo huko Taipei na Beijing, aligeuza uelewa wetu wa enzi ya Qing (1644–1912), nasaba ya mwisho ya wafalme wa China.

Dhana: Mfalme aliamua yote, wengine walipiga magoti tu

Dhana hii haikuzuka hivi hivi. Yongzheng, mfalme wa Qing aliyetawala kuanzia 1722 hadi 1735, alikuwa mchapakazi wa ajabu. Wakuu wa mikoa walimwandikia taarifa za siri zilizosafirishwa katika visanduku vyenye kufuli, naye akazisoma mwenyewe na kuzijibu kwa wino mwekundu. Taarifa ilirudi kwa aliyeiandika, akasoma majibu, kisha akatakiwa kuirejesha ikulu. Ukiishia hapo utaapa kwamba mtu huyu alitawala peke yake.

Ila taarifa za siri zilizidi kuongezeka, na vita vya kaskazini-magharibi dhidi ya Wadzungar, Wamongolia wa magharibi, vilidai majibu ya haraka. Mfalme alihitaji watu wachache wa kuaminika karibu naye. Vitabu vya zamani vilieleza kwamba Yongzheng aliunda Baraza Kuu, Junjichu, karibu na mwaka 1730. Bartlett aliposoma nyaraka zenyewe alikuta mambo tofauti. Wakati wa Yongzheng palikuwa na vikundi vidogo vidogo vya washauri, kila kimoja na shughuli yake, na viliunganishwa kuwa baraza moja lenye nguvu baada ya kifo chake, miaka ya mwanzo ya mwanawe Qianlong. Katika kitabu chake cha 1991 ametoa hoja ninayoiona nzito kuliko zote: baraza hilo halikuanzishwa na sheria, kwa hiyo hapakuwa na sheria ya kulibana. Wajumbe walibaki na vyeo vyao wizarani, wakaandaa rasimu za amri, wakatunza nakala za taarifa. Mfalme alikuwa na neno la mwisho, lakini maneno mengi yaliyotangulia yalikuwa ya wengine.

Enzi ya Ming iliyotangulia ina ushahidi mkali zaidi. Mfalme Wanli alitaka mwanawe wa tatu, aliyezaliwa na mke aliyempenda, awe mrithi. Maofisa walimpinga kwa maandishi kwa zaidi ya miaka kumi. Wengine walifukuzwa kazi, wengine wakachapwa, na bado waliandika. Mwaka 1601 Wanli alisalimu amri, akamtangaza mwanawe wa kwanza.

Dhana: Historia rasmi zimeshaandika kila kitu

Kila nasaba mpya iliandika historia rasmi ya nasaba iliyoanguka. Kazi hizo zina thamani kubwa, na hata sisi wa pwani zinatuhusu. Historia rasmi ya enzi ya Song (960–1279) inataja wajumbe kutoka nchi iitwayo Cengtan waliofika mwaka 1071 na tena 1083, na baadhi ya wanahistoria wanaihusisha na Zanj, pwani yetu ya Afrika Mashariki. Safari ya pili, Mfalme Shenzong aliona umbali waliotoka, akaamuru waongezewe liang 2,000 (kipimo cha uzito cha China) za madini ya fedha, zaidi ya kilo 70.

Lakini historia rasmi ni muhtasari ulioandaliwa na maofisa wa utawala mwingine, baada ya mambo kwisha. Anayetaka kujua serikali ilifanyaje kazi siku kwa siku anahitaji karatasi zenyewe, na karatasi hizo zilinusurika chupuchupu. Mwaka 1921 jumba la makumbusho ya historia la Beijing, likiwa halina fedha, liliuza takriban magunia 8,000 ya nyaraka za Ming na Qing kwa mfanyabiashara wa karatasi, zikasagwe upya. Msomi Luo Zhenyu alipopata habari alikimbilia kuzinunua kwa bei ya juu zaidi, akaokoa sehemu kubwa. Kila ninapofikiria magunia yale moyo unanishtuka: kesi, ripoti za mavuno, malalamiko ya wanyonge, vyote vingekuwa uji wa karatasi.

Baadaye vita vya wenyewe kwa wenyewe viligawa hazina hiyo. Sehemu ilivushwa hadi Taiwan mwishoni mwa miaka ya 1940, na sehemu kubwa ilibaki Beijing, ambako hifadhi kuu ya nyaraka za Ming na Qing ina zaidi ya vipande milioni 10. Ndiyo maana mtafiti wa Qing hana budi kwenda pande zote mbili.

Dhana: Ukijua Kichina umemaliza

Watawala wa Qing walikuwa Wamanchu, watu wa kaskazini-mashariki wenye lugha yao, na serikali yao iliandika kwa Kimanchu pia. Kwa muda mrefu wasomi walidhani nyaraka za Kimanchu ni tafsiri tu za zile za Kichina. Mwaka 1985 Bartlett alionyesha kwamba madaftari mengi ya Kimanchu yana mambo yasiyopatikana kwa Kichina. Tangu hapo, kizazi kizima cha wanafunzi kimelazimika kukaa darasani kujifunza lugha ambayo leo wazungumzaji wake ni wachache mno.

Dhana: Mtihani ulimfungulia kila mtu mlango

Maofisa wa serikali walichaguliwa kwa mtihani, na husemwa kwamba yeyote angeweza kuufanya. Wanawake hawakuruhusiwa kabisa. Mwanaume maskini aliruhusiwa, lakini nani angemlisha miaka yote ya kusoma? Na vyeo viliuzwa, hasa hazina ilipokauka kwa vita vya karne ya 19. Hata hivyo juhudi za kuzuia upendeleo zilikuwa za kweli. Tangu enzi ya Song majina ya watahiniwa yalifunikwa, na makarani walinakili majibu upya ili msahihishaji asitambue mwandiko. Mtihani huo ulifutwa mwaka 1905.

Dhana: Serikali ilikuwa kubwa na ilifika kila kijiji

Ilikuwa ndogo kupita kiasi. Qing ilikuwa na maofisa wa kiraia wapatao 20,000 kwa watu waliozidi milioni 300 mwanzoni mwa karne ya 19. Mkuu wa wilaya alikusanya kodi, alihukumu kesi na kulinda usalama, wote wakimtazama yeye. Tena hakuruhusiwa kufanya kazi katika mkoa wake wa kuzaliwa, na mara nyingi alihamishwa kabla hajazoea lahaja ya wenyeji. Aliwategemea makarani na matarishi ambao wengi wao hawakuwa hata kwenye orodha rasmi.

Hao makarani wametukanwa kwa karne nyingi kuwa ni wala rushwa tu. Nyaraka za wilaya ya Ba, Sichuan, zaidi ya majalada 100,000, zinaonyesha sura nyingine. Bradly Reed, aliyezichunguza, aliwakuta makarani wakiwa na kanuni zao za kugawana kazi na mapato, na wakishtakiana walipozivunja. Majalada hayo hayo yamejaa wakulima na wajane waliofungua kesi za ardhi, ndoa na madeni, wakati tulifundishwa kwamba mwananchi wa China aliikwepa mahakama kwa hofu.