Stesheni ya Nachingwea haikuwa ya Mjerumani

Kusini mwa Tanzania, kila jengo kuukuu huambiwa ni la Mjerumani, na stesheni ya Nachingwea haikusalimika. Reli ile ni ya Mwingereza, tena ni ya juzi tu.

Wajerumani walijenga reli ya Tanga hadi Moshi na ile ya Dar es Salaam hadi Kigoma. Nachingwea hawakufika na reli. Ushahidi mzuri uko Tendaguru, si mbali na Lindi: kati ya 1909 na 1913 walichimba huko mifupa ya dinosaria, na ikafikishwa Lindi kwa vichwa na mabega ya wapagazi, mwendo wa siku kadhaa. Mwenye treni hapo jirani asingewatesa watu hivyo (au angalau asingejicheleweshea mzigo).

Reli ya kusini ililetwa na karanga. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kupikia, ikaamua kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Njia ilianzia Mkwaya, kwenye mkono wa bahari wa Lindi, kisha ikaunganishwa na bandari mpya ya Mtwara. Mradi wenyewe ulivunjwa 1951, hasara ikiwa pauni milioni 36 hivi. Treni ziliendelea na mizigo kidogo, ambayo haikutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 njia ikafungwa, reli zikang'olewa.