Kuketi Darasani na Kujumuishwa Si Jambo Moja

Katika kazi yangu ya kufundisha falsafa ya elimu, swali ninaloulizwa mara nyingi ni kama watoto wenye ulemavu wasome katika shule za kawaida au katika shule maalumu. Naliona swali hilo limeanzia katikati, kwa sababu kabla ya kumchagulia mtoto shule yatupasa kwanza tukubaliane ulemavu wenyewe unakaa wapi.

Mtazamo wa kitabibu huuweka mwilini mwa mtoto, naye hutakiwa atibiwe au azoee. Mtazamo wa kijamii, uliopata nguvu nchini Uingereza katika miaka ya 1970 kupitia wanaharakati ambao wenyewe walikuwa na ulemavu, huuona kwenye ngazi isiyo na njia ya mteremko, kwenye kitabu kisicho na nakala ya nukta nundu, na kwenye mtihani unaopima wepesi wa mkono kuliko maarifa. Fikra hizo ndizo zilizoandaa njia ya Tamko la Salamanca la mwaka 1994, lililotolewa katika mkutano wa kimataifa wa elimu nchini Hispania na kuzitaka serikali ziwapokee watoto wote katika shule za kawaida isipokuwa pana sababu nzito za kufanya vinginevyo, na baadaye Ibara ya 24 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006.

Naukubali mtazamo huo wa kijamii, ila haunitoshi. Maumivu ya viungo hayaishi kwa kujenga mteremko. Tena mtoto kiziwi anayeketi miongoni mwa wenzake wanaosikia, pasipo mtu hata mmoja anayejua lugha ya alama, yumo katika orodha ya mahudhurio huku somo likimpita. Mkataba wenyewe uliliona hilo, ndiyo maana unataka viziwi wafundishwe kwa lugha na katika mazingira yanayowafaa.

Mary Warnock, mwanafalsafa aliyeongoza kamati ambayo ripoti yake ya mwaka 1978 ilibadili elimu maalumu nchini Uingereza, aliandika mwaka 2005 kwamba kujumuishwa ni kushiriki katika kazi moja ya kujifunza, popote mtoto anapojifunza vizuri zaidi, kuliko kukaa chini ya paa moja. Wengi walimkasirikia. Mimi naona alikuwa sahihi kuhusu lengo, lakini hoja yake ni hatari mikononi mwa msimamizi anayetafuta kisingizio cha kumfungia mtoto lango.

Hapo ndipo ninapomgeukia Amartya Sen, mwanauchumi na mwanafalsafa kutoka India, ambaye katika mhadhara wake wa mwaka 1979 aliuliza usawa ni usawa wa kitu gani. Watu wawili wakipewa rasilimali zilezile, mwenye ulemavu anaweza kubaki nyuma, kwa kuwa anahitaji zaidi ili afanye jambo lilelile. Kwa hiyo kinachopaswa kulinganishwa ni yale ambayo kila mmoja anaweza kweli kuyafanya na kuwa. Kwa kipimo hiki, msaada wa ziada ni haki ya mtoto, wala hahesabiwi kuwa amependelewa.

Hata hivyo, ili apewe cha ziada lazima kwanza atajwe kuwa yeye ni tofauti, na jina hilo linaweza kumfuata hadi uwanja wa michezo. Asipotajwa, msaada haumfikii. Mtanziko huu haujapata ufumbuzi wa kinadharia. Darasani naona unapungua makali pale msaada, kwa mfano maelezo yaliyoandikwa ubaoni au muda wa nyongeza, unapotolewa kwa kila anayeuhitaji bila kudai cheti cha daktari.