Kuwa O Wote Wawili Hakutoshi

Wiki iliyopita mjomba wa mtoto mwenye lukemia, yaani saratani ya damu, alivuka kutoka Lamu hadi Mokowe kwa boti, akapanda basi la alfajiri, akanifikia Malindi na kadi yake ya kuchangia damu mkononi. "Daktari, mimi ni O na mwanangu ni O. Nitoe uboho wangu apandikizwe, safari ya India ipangwe." Niliuheshimu moyo wake, lakini kwa kuwa yeye ni wa tano kuniambia hivyo mwaka huu, nimeona niandike.

Kundi la damu halichagui mtoaji wa uboho. Jeni za A, B na O zimo katika kromosomu ya 9, ilhali zile za HLA, yaani alama ambazo kinga ya mwili hutumia kutambua seli zake na za mgeni, na ambazo ndizo tunazolinganisha, zimo katika kromosomu ya 6, na hazirithiwi pamoja. Makundi yakitofautiana, tunaongezewa kazi ya kupunguza chembe nyekundu au plazma katika uboho, basi. Mtoto wa A aliyepokea uboho wa dada yake wa O huishia kuwa O. Sura nayo haihusiki: ndugu wanaofanana kama shilingi kwa ya pili huweza wasilingane hata kidogo.

Mimi huwaeleza wazazi kwa leso, kila leso ikiwa fungu moja la jeni za HLA. Tuseme baba anazo mbili, nyekundu na kijani, na mama anazo mbili, manjano na samawati. Kila mtoto hupewa moja ya baba na moja ya mama. (Mama mmoja alinikosoa kwamba leso huuzwa pea, vipande viwili vya sare, alisema kweli, ila mfano nimeshauzoea.) Mgonjwa akiwa na nyekundu na manjano, tunatafuta ndugu mwenye rangi hizo hizo, na kwa kila ndugu wa baba mmoja na mama mmoja uwezekano ni asilimia 25. Kinachonichosha ni kauli inayofuata: "Tuna wengine wanne, basi mmoja lazima alingane." Si lazima. Leso hizi hazigawiwi kwa zamu, na alizopewa mtoto wa pili hazimbani wa tatu. Kwa ndugu wanne bado kuna takriban asilimia 32 kwamba hakuna hata mmoja anayelingana kikamilifu. Ndugu wa baba mmoja na mama tofauti kwa kawaida hulingana nusu au wasilingane kabisa, hata kama wamekula sinia moja tangu utotoni. Lakini pale wazazi walipo binamu, jambo la kawaida mitaani kwetu, huenda wote wawili wakawa na leso iliyotoka kwa babu mmoja, na pengine baba au mama mwenyewe akalingana kikamilifu; kwa familia hizo mimi hupima jamaa wengi zaidi.

Watoto wengi wenye lukemia ya limfu hutoshwa na kemo, yaani dawa za saratani, na hawahitaji uboho wa mtu. Kwa wanaouhitaji, baba na mama kwa kawaida ni nusu, na nusu siku hizi inafaa, kwa sababu dawa ya saiklofosfamaidi ya siku ya 3 na ya 4 baada ya upandikizaji huzituliza seli za mtoaji zinazotaka kuushambulia mwili wa mgonjwa. Baba au mama, basi? Tafiti zinagongana. Nikishahakikisha kwamba mgonjwa hana kingamwili, yaani protini za kinga katika damu, dhidi ya mtoaji, humchagua mwenye umri mdogo na afya njema, nikijua kwamba daktari mwenzangu angeweza kuchagua kinyume bila kukosea.

Linaloniumiza zaidi ni ndugu wa miaka minne anayelingana, ambaye hulazwa kwa dawa ya usingizi ili uboho utolewe nyongani, ilhali anayemtilia sahihi ni baba yule yule anayemlilia mgonjwa. Sijapata jibu linaloniridhisha.

Mjomba aliuliza kama alikuja bure. Nilimwambia akachangie damu, lakini ya wagonjwa wengine, kwa kuwa damu ya jamaa haifai kuingia kwa mtoto anayesubiri uboho wa familia: mwili wake huweza kutengeneza kingamwili dhidi ya leso zile zile tunazotaraji kumpa. Aliitazama kadi yake kwa muda, kisha akaomba aonyeshwe benki ya damu ilipo.