Unaweza kufungiwa bila kukutwa na dawa: kesi ya Giuseppe Gibilisco

Sisi tunaotoa elimu ya kupambana na dawa za kuongeza nguvu michezoni swali hili tunaulizwa kila mahali, mwanariadha anafungiwaje na mkojo wake ulikuwa safi? Mi huwa naelezea kwa Giuseppe Gibilisco, Muitaliano wa Siracusa kule Sicilia, aliyekuwa anaruka kwa upondo na sasa kastaafu.

Jamaa kazaliwa 1979, kocha wake Vitaly Petrov, yule yule aliyemfundisha Sergey Bubka, bingwa wa upondo wa Ukraine. 2003 mashindano ya dunia Paris akaruka mita 5.90, dhahabu na rekodi ya Italia siku hiyo hiyo, Okkert Brits wa Afrika Kusini akabaki na 5.85. Athens 2004 akachukua shaba ya Olimpiki kwa 5.85.

Halafu 2007 kamati ya Olimpiki ya Italia ikamfungia miaka miwili. Hapo ndo watu wanachanganyikiwa, maana kesi haikuanzia maabara, ilitoka kwenye uchunguzi na tuhuma ilikuwa ya kutumia au kujaribu kutumia dawa. Kanuni inaruhusu kabisa kumfungia mtu hivyo. Kanuni ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizi michezoni, ya 2021 ina makosa 11 na sampuli kukutwa na dawa ni moja tu, kuna kukwepa kupimwa, kumiliki dawa, kuvuruga upimaji, kutopatikana mara tatu ndani ya miezi 12, kuna hata kufanya kazi na kocha au daktari aliyefungiwa, na hili la mwisho wanariadha wetu wengi hawalijui jamani, naomba mlishike.

Gibilisco akakata rufaa CAS, mahakama ya michezo iliyoko Lausanne, Uswisi, na 2008 adhabu ikafutwa kwa sababu ushahidi haukutosha. Kwenye kesi hizi mshtaki lazima awaridhishe majaji kwa kiwango kikubwa kuliko kesi ya madai ya kawaida, ila siyo kikubwa kama cha jinai, kwahiyo tuhuma tupu haziwezi kusimama. Jamaa akarudi kuruka, baadaye akajaribu hadi bobsleigh, kile kigari cha kuteleza kwenye barafu.

Ukipewa barua ya tuhuma usiikalie, una haki ya kusikilizwa na kuuona ushahidi, na rufaa ya CAS kwa kawaida ni siku 21 tangu upokee uamuzi.